Umri wa Milima Iliyokwisha: Namna ya Kutumia Miamba ya Moto Kujua Lini Milima ya Kale Ilijengwa na Lini Mipasuko Ilisogea, ukianzia Masasi, Nachingwea na Ruangwa

Vilima vya mawe vinavyochomoza ghafla ukikaribia Masasi, pamoja na vile vilivyotawanyika Nachingwea, Nanyumbu na Ruangwa, ni mizizi ya safu ya milima ambayo haipo tena. Mawe unayoyakanyaga kule juu yalipikwa na kubanwa kilometa nyingi chini ya ardhi, wakati vipande vya mabara vilipokuwa vinagongana na kuunda bara kuu la Gondwana, takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Mvua na mito vimeikwangua safu yote, kimebaki kitako chake. Wanajiolojia wanakiita kitako hicho Ukanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na Mwingereza Arthur Holmes mwaka 1951. Holmes huyo alikuja Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini akiwa kijana wa miaka 21, akaugua malaria vibaya. Mwaka huohuo ikachapishwa kazi yake iliyoonyesha kwamba urani na risasi (metali inayozaliwa urani inapooza) zilizomo ndani ya madini zinaweza kutoa umri wa mwamba.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa jiolojia anayejiandaa na mradi wake, mwalimu wa jiografia anayetaka kuwapeleka vijana mlimani, na mchimbaji mdogo anayetaka kuelewa mawe anayoyapasua kila siku. Jambo moja nataka likae kichwani tangu mwanzo: mashine ya maabara haijui milima ilijengwa lini. Inachojua ni lini fuwele fulani ilianza kutunza risasi au agoni, gesi inayozaliwa potasiamu inapooza, ndani yake. Kuunganisha tarehe hiyo na kukunjwa kwa milima au kusogea kwa mpasuko ni kazi inayofanyika mwambani, kwa macho, kabla hujainua nyundo. Ukiikosea pale, hakuna maabara duniani itakayokuokoa.

KANUNI INAYOBEBA KAZI YOTE

Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapopenya kwenye mwamba uliopo na kuganda, mwamba uliopenywa ni mkubwa kwa umri kuliko magma hiyo. Na mpasuko unapokata mwamba na kuusogeza, mwamba ulikuwepo kabla mpasuko haujasogea. Angalia ukuta wa nyumba: ufa ukipita hadi kwenye lipu, lipu ilipigwa kabla ya ufa, lipu ikiufunika ufa bila yenyewe kupasuka, ufa ulitangulia. James Hutton wa Scotland aliitumia hoja hii mwaka 1785 kule Glen Tilt, alipoona mishipa ya granaiti imeingia ndani ya miamba mingine, akajua granaiti ndiyo iliyokuja baadaye ikiwa bado ya moto.

Hivyo hatuupimi mpasuko wenyewe, wala hatuipimi safari ya kupanda kwa milima. Tunapima miamba ya moto, yaani miamba iliyotokana na magma kuganda, iliyotangulia tukio na ile iliyolifuata, halafu tunalifunga tukio katikati. Nitayaita hayo mabano ya umri. Mwamba uliobanwa na kukunjwa unatoa ukomo wa kale: tukio haliwezi kuwa la zamani kuliko huo. Mwamba unaokata mikunjo bila wenyewe kukunjwa unatoa ukomo wa karibuni. Mabano yakiwa membamba, umefanya kazi nzuri. Yakiwa mapana lakini ya kweli, bado umefanya kazi nzuri.

HATUA YA 1: CHAGUA ENEO, RAMANI NA MSIMU

Usipoteze nauli kutafuta miamba ya moto ufukweni Mikindani, mjini Lindi au juu ya uwanda wa Makonde kule Newala. Huko umesimama juu ya miamba tabaka: michanga, udongo mgumu na chokaa, vilivyolala juu ya ule mwamba wa chini. Changarawe za kwatzi na za naisi, ule mwamba wa mistari uliobanwa milima ilipojengwa, utaziona humo, ila zimebebwa na maji kutoka magharibi. Mwamba wa chini wenyewe unajitokeza ukienda bara, kuanzia maeneo ya Masasi, na unaendelea Nachingwea, Ruangwa, Nanyumbu na Liwale.

Tafuta ramani ya jiolojia ya eneo lako kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST, iliyopo Dodoma. Ramani zao zimegawanywa kwa karatasi za robo digrii. Tafuta mambo mawili: mahali palipochorwa granaiti, pegmataiti (mshipa wa moto wenye fuwele kubwa) au daiki (magma iliyoganda ndani ya ufa kama ukuta), na mahali palipochorwa mistari ya mipasuko. Vinapokutana ndipo pa kwenda. Picha za satelaiti za kwenye simu zitakusaidia kuona miamba iliyo wazi na mistari mirefu iliyonyooka inayokata vilima, lakini mstari ulionyooka haujawa mpasuko mpaka umeufikia kwa miguu.

Nenda kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Nyasi zinakuwa zimekauka au zimechomwa, korongo hazina maji na mwamba unaonekana vizuri. Anzia ofisi ya kijiji: mweleze mwenyekiti na mtendaji unachokwenda kufanya, na uulize kama kilima hicho kina makaburi, sehemu ya tambiko, au leseni ya uchimbaji ya mtu. Wazee wa kijiji wanavijua vilima vyao kuliko ramani yoyote, na ukimwamkia mzee vizuri atakuonyesha korongo ambalo usingeligundua kwa wiki nzima. Ulizia nyuki pia. Kwenye mapengo ya mawe makubwa wapo, na huwezi kukimbia ukiwa umening'inia kwenye mwamba wenye mteremko.

Mahali ninapopapenda kuliko pote pa kuanzia ni machimbo ya kokoto. Juu ya kilima mwamba umepigwa na jua na mvua hadi umefunikwa na ngozi ya kijivu na kuvu, huoni kitu. Wanaoponda kokoto wanafungua mwamba mpya kila siku. Waombe ruhusa, kaa nao, nunua maji mnywe pamoja, kisha zunguka kwenye kuta za shimo taratibu.

HATUA YA 2: SOMA MWAMBA KABLA YA KUUPIGA

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Chukua sehemu safi, imwagie maji kidogo, na usogeze uso wako. Naisi itakuonyesha mistari myeusi na myeupe inayopishana: myeusi ni ulanga mweusi, yaani biotaiti, au honiblendi, myeupe ni kwatzi na feldspa. Mistari hiyo ilitokana na mbano wa kujengwa kwa milima. Ndiyo saa yako ya rejea. Kila mwamba wa moto utakaouona, uulize: wewe ulikuja kabla ya mistari hii, wakati inatengenezwa, au baada?

Aliyekuja kabla ana mistari ileile ya majirani zake. Granaiti ya namna hii imegeuka kuwa kama naisi. Fuwele zake kubwa za feldspa zimebanwa hadi zikawa na umbo la jicho, mkia wa ulanga ukiwa pande zote mbili. Mshipa wake unakuwa umekunjwa pamoja na mwamba unaouzunguka, au umevutwa ukakatikakatika vipande vilivyopangana kwenye mstari mmoja.

Aliyekuja baada anakata mistari bila kujali. Mfano mzuri ni pegmataiti, mshipa mweupe au wa waridi wenye fuwele kubwa za feldspa na mabamba ya ulanga unayoweza kuyabandua kwa ukucha. Weka kidole kwenye mstari mweusi wa naisi, ufuate mpaka ufike ukingoni mwa pegmataiti. Kama mstari unakoma pale na kuanza tena upande wa pili, na ndani ya pegmataiti fuwele zimekaa hovyo bila kuelekea upande wowote, umempata shahidi aliyefika baada ya mbano kwisha.

Aliyekuja wakati wa tukio ndiye mgumu, na ndiye mwenye thamani kuliko wote. Ana mistari hafifu kingoni lakini katikati hana. Au mishipa yake mingine inakata mikunjo na mingine imekunjwa kidogo. Au fuwele zake za feldspa zimepangana upande mmoja ila hazijavunjika, ishara kwamba zilijipanga ujiuji bado haujaganda. Usimtangaze kwa dalili moja. Nataka dalili tatu zinazokubaliana kabla sijaandika kwenye daftari kwamba mwamba huu uliganda wakati milima inajengwa.

Zipo dalili nyingine mbili za nani alitangulia. Ya kwanza ni mabaki ya mwamba wa zamani yaliyomezwa: vipande vya naisi vinavyoelea ndani ya granaiti vinakuambia granaiti ndiyo mgeni. Ya pili ni ukingo uliopoa haraka. Daiki ya doleraiti, ule mwamba mweusi mzito, ilipopenya kwenye mwamba wa baridi iliganda upesi pembeni, kwa hiyo chembe za kingoni ni ndogo sana na za katikati ni kubwa zaidi. Utaliona hilo kwa lenzi ya mkono.

Chora. Picha za simu piga nyingi, weka nyundo au kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, lakini chora kwa mkono pia, maana mkono unalazimisha jicho kuamua mstari unapita wapi. Pima kwa dira mwelekeo wa mistari, wa mshipa na wa mpasuko.

HATUA YA 3: UKIKUTA MPASUKO

Mpasuko uliosogea una alama. Uso wake mara nyingi umesuguliwa ukawa laini, una michirizi inayoonyesha upande ambao mwamba uliteleza. Katikati yake kunaweza kuwa na mawe yaliyovunjikavunjika na kushikamana tena, au unga laini kama udongo wa mfinyanzi. Kwenye kina kirefu, ambako mwamba una joto la kutosha kulainika, hauvunjiki, unavutika na kuwa mailonaiti: mwamba wenye mistari myembamba iliyokazana sana.

Tafuta mshipa wa moto uliokatwa. Pima umbali kati ya vipande vyake viwili, ukikumbuka kwamba unaona uso mmoja tu wa mwamba na huenda mwendo halisi ulikuwa mkubwa au mdogo kuliko huo. Kisha tafuta mshipa unaoukatiza mpasuko bila kusogezwa. Ukiwapata wote wawili kwenye mpasuko mmoja, umebahatika.

Jihadhari na mitego mitatu hapa, kwa sababu ndiyo inayoharibu tafiti nyingi. Magma inapenda njia rahisi, hivyo daiki inaweza kupita ndani ya mpasuko wa zamani na kulala sambamba nao. Ukiiona imenyooka na mpasuko usidhani vina umri mmoja. Daiki imekuja baadaye, pengine baadaye sana. Pili, mpasuko huamka. Uliosogea miaka milioni 500 iliyopita unaweza kusogea tena Gondwana ilipoanza kupasuka, na tena baadaye. Kwa hiyo mshipa uliokatwa unakupa taarifa ya mwendo uliokuja baada yake tu, si mwanzo wa mpasuko. Tatu, mpasuko una mwisho. Daiki isiyokatwa huenda ipo mbele ya mahali mpasuko ulipoishia. Ufuatilie pande zote mbili za daiki. Kama haupo upande wa pili, huna ushahidi wowote.

Mara chache sana utakuta kando ya mpasuko uzi mweusi kama kioo, wenye mishipa midogo iliyochomoza pembeni na kuingia kwenye mwamba mzima. Huo ni mwamba ulioyeyuka kwa msuguano wakati wa tetemeko la ardhi, ukaganda papo hapo. Ni dhahabu kwa kazi hii, kwa sababu umri wake ni umri wa mtelezo wenyewe, hauhitaji mabano. Shida yake ni vipande vidogo vya mwamba wa zamani ambavyo havikuyeyuka: vinabeba agoni ya kale na kuufanya umri uonekane mkubwa kuliko ukweli. Chukua sehemu iliyo safi kabisa.

HATUA YA 4: CHUKUA SAMPULI INAYOJIBU SWALI

Andika swali kwenye daftari kabla ya kupiga nyundo. Kwa mfano: "Sampuli hii itaonyesha kwamba mbano ulikwisha kabla ya tarehe fulani." Kama huwezi kuiandika sentensi hiyo, acha jiwe mahali pake.

Chukua sampuli karibu na makutano uliyoyachora, lakini si kwenye makutano yenyewe, ambako vipande vya jirani vimechanganyika. Vaa miwani ya kukinga macho. Ondoa ngozi yote iliyooza. Jiwe liwe gumu, linalolia likigongwa. Kwa granaiti na pegmataiti, kilo 3 hadi 5 zinatosha kwa kawaida. Doleraiti ina zirkoni, zile fuwele ndogo zinazopimwa umri, chache sana au haina kabisa, hivyo beba kilo 10 au zaidi. Andika namba juu ya jiwe kwa maka peni, na namba hiyohiyo kwenye karatasi ndani ya mfuko, na tena nje ya mfuko. Soma GPS, andika tarehe na nani alikuwepo. Usiweke sampuli mbili kwenye kiroba kimoja, maana chembe moja tu ya zirkoni iliyohamia inaweza kukuletea umri wa mwamba mwingine.

Mawe yakienda maabara ya nje ya nchi, na mengi ya kupima zirkoni huenda Afrika Kusini au Ulaya, fuatilia mapema kibali cha kuyasafirisha kwa mamlaka za madini. Mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH.

HATUA YA 5: CHAGUA MADINI YA KUPIMA

Chaguo la kwanza ni zirkoni. Ni fuwele ndogo, mara nyingi kati ya mikroni 50 na 250 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ngumu, isiyoyeyuka kirahisi. Inapojengeka ndani ya magma inapokea urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi yote itakayokutwa humo baadaye imezaliwa humohumo kutokana na kuoza kwa urani, isipokuwa kiasi kidogo ambacho maabara inajua namna ya kukiondoa kwenye hesabu. Urani 238 inakuwa risasi 206 kwa nusu-uhai wa miaka bilioni 4.468, urani 235 inakuwa risasi 207 kwa nusu-uhai wa miaka milioni 704. Ndani ya chembe moja una saa mbili zinazochungana, na huo ndio uzuri wa njia hii. Zaidi ya hapo, zirkoni inaendelea kuishika risasi yake hata kwenye joto la nyuzi 900. Umri wake katika granaiti kwa hiyo ni umri wa kuganda kwa granaiti.

Madini mengine yanaanza kuhesabu mwamba ukishapoa kiasi fulani, na hapo yanajibu swali jingine: milima ilianza lini kuinuka na kulika? Kwa njia ya agoni, inayotumia kuoza kwa potasiamu 40 yenye nusu-uhai wa miaka bilioni 1.25, honiblendi inaanza kutunza agoni kwenye nyuzi 500 hivi za selsiasi, ulanga mweupe karibu na nyuzi 400, na ulanga mweusi karibu na 300. Vijistari vinavyoachwa ndani ya madini ya apataiti na atomu za urani zinapogawanyika zinatunzwa chini ya nyuzi 110 hivi. Ukipima madini manne ya mwamba mmoja unapata hadithi ya kupoa kwake, kutoka kina kirefu hadi karibu na uso wa ardhi. Umri wa ulanga mweusi usiutangaze kuwa umri wa kujengwa kwa milima. Ni umri wa kupoa, na unaweza kuchelewa kwa mamilioni mengi ya miaka.

Doleraiti isiyo na zirkoni inaweza kuwa na badeleiti, ambayo nayo inatunza urani, au unaweza kutumia agoni ya feldspa yake.

HATUA YA 6: KUITOA ZIRKONI KWENYE JIWE

Hii inafanyika maabara, lakini sehemu ya kwanza mchimbaji wa dhahabu wa Ruangwa ataielewa mara moja. Jiwe linavunjwa na kusagwa, linachekechwa, kisha linaoshwa kwa maji kwa ustadi uleule wa karai: chembe nyepesi zinaondoka, nzito zinabaki. Kwatzi ina uzito wa mara 2.65 ya maji, zirkoni karibu mara 4.6. Sumaku inaondoa madini ya chuma, na kimiminika kizito kinamalizia. Baadhi ya vimiminika hivyo ni sumu, kwa hiyo usijaribu nyumbani wala darasani. Vifaa vyote vioshwe kikamilifu kati ya sampuli moja na nyingine.

Chembe zinachaguliwa kwa mkono chini ya darubini, zinapangwa kwenye gundi ngumu na kusuguliwa hadi nusu ya kila chembe iondoke, ndani yake ionekane. Halafu zinapigwa picha ya mwanga unaotokana na elektroni. Simamia picha hizi zipigwe, hata kama zinaongeza gharama. Zinaonyesha kama chembe ina pete za ukuaji nadhifu, dalili ya kukua ndani ya magma, au ina kiini cha zamani kilichozungushiwa ganda jipya. Bila picha, miale ya leza, inayochimba tundu kwenye chembe ili ipimwe, itapiga kiini na ganda kwa pamoja na kukupa umri wa katikati ambao haukuwahi kutokea. Tundu la leza kwa kawaida lina upana wa mikroni 20 hadi 40, hivyo linatosha kupima kiini peke yake na ganda peke yake.

Uliza maabara wametumia zirkoni gani ya marejeo na wamepata umri gani kwake. Inayotumika sana ni ile iitwayo 91500, kutoka Ontario, Kanada, yenye umri wa takriban miaka milioni 1,065. Kama maabara imeipima siku hiyo ikapata tofauti kubwa na hapo, majibu yako nayo yana shaka.

HATUA YA 7: HESABU UNAYOWEZA KUIFANYA MWENYEWE

Usiogope. Chukua uwiano wa risasi 206 kwa urani 238 uliopewa, ongeza 1, bonyeza kitufe cha ln kwenye kikokotoo, gawanya kwa 0.000155125. Jibu linakuja kwa mamilioni ya miaka.

Tuchukue kilima cha kufikirika, cha kujifunzia tu. Kina naisi, granaiti iliyobanwa pamoja na naisi hiyo, pegmataiti inayoikata mistari yote, na mpasuko unaoikata pegmataiti. Granaiti ina uwiano wa 0.1037: ln ya 1.1037 ni 0.09867, gawanya, unapata miaka milioni 636. Pegmataiti ina 0.0894: ln ya 1.0894 ni 0.08563, unapata milioni 552. Mbano basi ulitokea baada ya 636 na kabla ya 552. Weka na kosa la kipimo. Kwa leza kosa la asilimia 1 hadi 2 ni la kawaida. Tuseme 636 na kosa la 8, na 552 na kosa la 6: mabano yako kamili ni 644 hadi 546.

Na mpasuko? Ulisogea baada ya 552. Basi. Ungeweza kuwa wa milioni 540 au wa juzi. Ili kuufunga unahitaji mwamba wa moto unaoukatiza bila kusogezwa, au ule uzi mweusi wa kuyeyuka kwa msuguano, au madini ya udongo yaliyoota ndani ya unga wa mpasuko, ambayo nayo hupimwa kwa potasiamu na agoni. Ukikosa vyote, andika "baada ya 552" na usiongeze neno.

HATUA YA 8: KUYAHOJI MAJIBU

Linganisha saa mbili za zirkoni. Kwa umri wa milioni 552, uwiano wa risasi 207 kwa urani 235 unatakiwa kuwa karibu 0.722. Zikikubaliana, chembe iko salama. Zikitofautiana, kuna risasi iliyovuja au umri mbili zilizochanganyika. Chembe zenye urani nyingi huharibiwa na mionzi yake zenyewe na kuvuja. Ni bora ziwekwe kando.

Ukiona makundi mawili ya umri kwenye mwamba mmoja, rudi kwenye picha. Ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, zipo naisi ambazo miamba yake ya asili iliganda takriban miaka bilioni 1 iliyopita, kisha ikapikwa upya Gondwana ilipoungana. Katika miamba ya namna hiyo, kiini kikikupa bilioni moja na ganda likikupa milioni mia sita na kitu, kiini ni kuzaliwa kwa mwamba, ganda ni kujengwa kwa milima. Ganda lililokua kwa joto la milima mara nyingi lina thoriamu kidogo sana kulinganisha na urani, chini ya sehemu moja kwa kumi. Kuwa mwangalifu zaidi na pegmataiti, kwa sababu magma yake huenda ilitokana na naisi ileile kuyeyuka, hivyo imebeba zirkoni za kurithi. Umri wa pegmataiti ni ule wa chembe au maganda yaliyokua ndani yake, si ya urithi.

Hapo ndipo mchoro wako wa hatua ya 2 unapokuwa hakimu. Maabara ikikuambia pegmataiti inayokata ina umri mkubwa kuliko granaiti inayokatwa, mwamba ndio wenye haki. Tafuta kosa kwenye chembe, kwenye namba za mifuko, kwenye tafsiri.

PALE AMBAPO MIAMBA YA MOTO HAIPO

Mipasuko ya pwani yetu, ikiwemo ile inayohusika na mitego ya gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na Mnazi Bay ya 1982, imekata miamba tabaka. Huko kazi inafanywa kwa mawimbi ya mtetemo na visukuku vidogo vya baharini, na mabano ni kati ya tabaka lililokatwa na tabaka lililofunika. Ndivyo ilivyo pia Tendaguru, mkoani Lindi, kulikochimbwa mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913: umri wa tabaka zake umejengwa juu ya visukuku. Kaskazini mwa nchi mambo ni tofauti kabisa. Kwenye Bonde la Ufa kuna lava na majivu ya volkano kila mahali, na lava iliyokatwa na mpasuko inautaja umri wake upesi. Majivu ya Olduvai yalipimwa kwa potasiamu na agoni mwaka 1961 na kutoa miaka milioni 1.75.

Watu huniuliza kwa nini tusichukue tu mchanga wa Lukuledi, Mbwemkuru au Ruvuma, uliojaa zirkoni zilizokwisha kuoshwa na mto. Unaweza, na utapata umri wa miamba mingi ya bonde zima kwa gharama ndogo. Ni mwanzo mzuri wa kujua eneo lina matukio gani. Lakini zirkoni ya mtoni imepoteza majirani zake. Haiwezi kukuambia ilikata nini wala ilikatwa na nini.

Kwa wachimbaji, umri huu una faida ya moja kwa moja. Kinywe, yaani grafaiti, cha Ruangwa ni tope la kale lenye kaboni lililopikwa wakati milima inajengwa, na kimekunjwa pamoja na naisi. Anayejua mikunjo ilitangulia na mpasuko ukafuata, anajua pia kwamba tabaka la kinywe likikatika ghafla halijaisha. Limesogezwa, na michirizi kwenye uso wa mpasuko inaonyesha upande wa kulitafuta.

HATUA YA 9: ANDIKA NA UTUNZE

Andika matokeo kwa sentensi mbili zilizotengana. Ya kwanza ni ya kipimo: mwamba fulani, mahali fulani, madini fulani, njia fulani, umri na kosa lake, chembe ngapi zilipimwa na ngapi ziliachwa na kwa nini. Ya pili ni ya tafsiri: kwa kuwa mwamba huu unakata hiki na unakatwa na kile, tukio lilikuwa kati ya hapa na pale. Msomaji aweze kuikataa ya pili na bado aitumie ya kwanza.

Ambatanisha mchoro wa makutano, si picha ya mbali ya kilima. Nusu ya kila sampuli ibaki nchini, ikiwa na namba yake, kwa chuo chako au GST, ili mwingine aipime tena vifaa vikiwa bora. Nakala ya ripoti, iliyoandikwa kwa Kiswahili na yenye ramani ya kilima chao, ipeleke ofisi ya kijiji na shule ya sekondari ya kata.